Nakala ya Tatu

Kila Alhamisi, mkutano ukiisha,
nyuso kumi na moja zikizimika moja moja
kama taa za Kadutu umeme unapokatwa,
mimi ndiye ninayebaki.
Nasubiri mashini imeze saa mbili za maneno,
asilimia kwa asilimia,
nikiomba jenereta ya jirani wa chini isianze kukohoa.

Kazi yangu haina jina zuri.
Kwenye karatasi ya mshahara wameandika "usaidizi".
Ninachofanya ni hiki: naandika mwaka kwanza,
kisha mwezi, kisha siku, ili faili zijipange zenyewe;
naandika aliyeongoza, bei iliyotajwa,
magunia mangapi ya kahawa kutoka Idjwi, mangapi kutoka Kabare.
Faili iitwayo "mkutano mpya wa mwisho kabisa"
naikataa, hata akiileta mkurugenzi.

Nakala moja hulala hapa Nyawera, ndani ya kabati la chuma.
Ya pili iko mawinguni, na hatujui kwao wingu hilo;
tunalilipia kwa dola kila mwezi,
na tukichelewa hututisha kwa adabu.
Ya tatu naifunga kwa nailoni, naitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
nampa Cirhuza, karani wa boti ya usiku, aipeleke Goma.
"Tena kopo?" huuliza.
"Tena kopo."
Mkurugenzi alicheka: Goma, chini ya volkano?
Nikamwambia: wao wana mlima wao,
sisi tuna moto wetu wa nyumba za mbao
na miteremko inayoondoka na watu mvua ikizidi.
Sidhani vitapatana siku moja.

Mwaka jana mnunuzi wa ng'ambo alikana bei.
Hakusema anakana; alisema hakumbuki hivyo.
Nikafungua tarehe tisa Februari, dakika ya arobaini na mbili,
akajisikia mwenyewe akisema ndiyo, mara mbili,
huku akimenya chungwa.
Wakulima wakalipwa. Mimi sikupandishwa cheo,
ila kabati liliongezewa kufuli.

Sasa kuna kanuni: miezi ishirini na minne, kisha futa.
Diski ni ghali, wingu ni ghali,
na kanuni yenyewe nilisaidia kuiandika.
Leo zamu imeifikia Alhamisi moja ya Novemba.
Hakuna bei humo. Hakuna uamuzi.
Yumo Ntakwinja, mhasibu wetu, kabla figo hazijamshinda,
amesahau kutoka wenzake walipotoka.
"Munanisikia?" anauliza.
Hakuna anayemsikia.
Mvua inapiga bati, kule Panzi.
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi,
anamwita binti yake: "Nabintu, anua nguo.
Ile ya kijani ya mama yako, anza nayo."
Dakika nne. Baadaye kiti kitupu, na mvua.

Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Una uhakika? inauliza mashini.
Huuliza kwa kila faili, haichoki, kama karani wa ndoa.

Nimefuta. Ofisini, mawinguni,
na Goma nimepiga simu wafute pia.
Ukihurumia faili moja, kabati zima litakulilia.
Nimeandika daftarini: imefutwa, saa kumi na dakika tano, sahihi yangu.
Daftari lina safu tatu.
Safu ya nne haimo.

Kopo la leo halikwenda bandarini.
Nimeteremka nalo hadi Panzi kwa pikipiki, kisha kwa miguu,
tope likivuta viatu,
na msichana mrefu akafungua mlango, ana paji la uso la baba yake.
Sina barua, nikamwambia, wala pesa za marehemu.
Nina dakika nne.
Akalitazama kopo. Akatazama juu, mlimani, mawingu yalikokuwa yakijazana.
"Ingia," akasema. "Ngoja kwanza nianue nguo."